Kijana Anayetibiwa Saratani na Funga ya Ramadhani
Tunaulizwa na wazazi ambao kijana wao, ameshabaleghe, anavushwa kwenda Muhimbili kutiwa dawa za saratani, naye ameshikilia kufunga. Tunasema: Suratul Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa. Daktari akisema funga itamdhuru, asifunge; atalipa akipona. Ikiwa hapana tamaa ya kupona, hutolewa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Ila mara nyingi kinachomzuia kula si fiqhi, ni haya. Basi mama ampikie uji mchana bila ya kuguna, na ndugu zake wasimwite kobe, hata kwa mzaha. Magharibi afuturu nao mkeka mmoja. Sala haimwondokei: asiyeweza kusimama atakaa, asiyeweza kukaa atalala. Wallahu a'lam.