Feki: neno la wezi lililopata kazi Timbwani

Kwenye vibanda vya vifaa vya simu huku Timbwani, mteja haanzi na bei. "Hii chaja si feki?" Muuzaji amekwisha kulizoea swali. "Feki sikuuzii, mamangu. Hii ni kopi, lakini kopi safi." Basi kuna orijino, kopi na feki, na hiyo ya kati ndiyo inayolisha vibanda vingi vya ng'ambo hii ya Likoni.

Neno feki limetoka kwa Waingereza, likaingia kwa mlango uleule wa keki na breki. Kwao halikuzaliwa nyumba njema. Mwaka 1812 James Hardy Vaux, mwizi wa Kiingereza aliyepelekwa kifungoni Australia, alikusanya msamiati wa wahuni wa London. Humo neno hili ni kitenzi, tena chenye kazi nyingi: kumwibia mtu, kumjeruhi, kukata pingu ili utoroke, hata kujitia kidonda mguuni kwa makusudi ili uachishwe jeshi. Kidonda hicho, kwa maoni yangu, ndicho babu wa chaja ya Timbwani: kinauma kweli, ila sababu yake ni ya uongo.

Si kwamba sisi tulikosa maneno. Ghushi limekaa kwenye karatasi: saini, cheti, noti. Bandia ni la mtoto wa matambara anayebebwa na wasichana wakicheza, ndiyo maana jino bandia na mguu bandia havimtukani mtu. Feki ndilo lenye lawama. Nalo halisumbui katika sarufi. Kama safi na ghali, halibadiliki: kiatu feki, viatu feki, daktari feki.

Wakenya wengi walilikariri mwaka 2012, Tume ya Mawasiliano ilipoamuru simu feki zizimwe ifikapo mwisho wa Septemba. Watu walibonyeza *#06#, wakatuma namba ya utambulisho wa simu zao kwa 1555, wakangoja jibu kama matokeo ya mtihani. Simu iliyokuwa ikipiga na kupokea vizuri ikahukumiwa kwa nasaba yake.

Siku hizi neno limehama kwenye bidhaa, limewapanda watu. Ukimwita mtu bandia atakushangaa tu. Mwite feki, tena barazani mbele ya wenzake, uone kama hutaulizwa ushahidi.