PALIZI YA VIAZI: JEMBE KWANZA, SUMU BAADAYE



Seli ya Nengo imo ndani ya mji wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Hapo si mahali pa mashamba makubwa. Lakini ukipanda kuelekea milima ya volkano, utakuta udongo mweusi wenye rutuba na viazi mviringo vinavyopandwa misimu miwili kwa mwaka, Septemba na Machi. Mfanyakazi wa kiwandani au mchuma chai aliye na kipande cha shamba huko, au ndugu anayelima kibarua, anajua adui wa kwanza wa viazi: magugu.

Siku hizi wengi wanakimbilia dawa ya kuua magugu. Mtu mmoja mwenye bomba mgongoni humaliza kazi ya vibarua wengi wenye majembe. Mwenye shamba anaona faida. Lakini nani anayevuta mvuke wa dawa? Nani anayelowa mgongo bomba likivuja? Ni kibarua. Parakwati haina dawa ya kuondoa sumu yake mwilini. Anayeimeza hata kidogo anaweza kufa. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007. Mwaka 2024 ulikataa pia kuendelea kuiruhusu metribuzini, dawa iliyozoeleka katika viazi. Tena mvua ya milimani huteremsha sumu mpaka mto Sebeya, ambao maji yake husafishwa Gihira kwa matumizi ya mji wa Gisenyi. Sumu ya shambani haibaki shambani.

Je, tuache viazi vimezwe na magugu? La. Tutumie akili kabla ya sumu.

Kwanza, tayarisha shamba mapema. Acha magugu yaote kwa wiki mbili, kisha yakate juu juu siku ya jua ndipo upande. Sangari na ndago hazifi kwa kukatwa majani. Chimbua mizizi yake, ikusanye, ianike ikauke.

Pili, panda kwa mistari: sentimita 75 hadi 80 kati ya mistari, na 30 kati ya mbegu na mbegu. Mbegu nzuri huota pamoja, na majani yake hufunika ardhi upesi. Kivuli hicho ni palizi isiyolipiwa.

Tatu, usichelewe. Wiki nne hadi sita za mwanzo ndizo za vita. Palilia viazi vikiwa vidogo, kisha pandisha udongo shinani. Kazi hiyo moja hufukia magugu machanga na kukinga viazi visipigwe na jua vikawa kijani. Kwenye mteremko, tuta likate mlima, lisifuate maji. Baada ya hapo usichimbe kwa kina, utakata mizizi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nne, badilisha mazao. Baada ya viazi panda mahindi au maharage. Ng'oa mnavu na viazi vilivyojiotea, maana hutunza ugonjwa wa mnyauko.

Ikilazimu kutumia dawa, piga palipo na magugu tu, asubuhi pasipo upepo, ukiwa na buti, glavu na nguo ya mikono mirefu. Oga ukimaliza, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na za watoto.

Mwajiri atasema jembe ni ghali. Ndugu, sumu inaonekana rahisi kwa sababu mwili wa mpigaji dawa haumo katika hesabu. Palizi ni kazi, na kazi ina ujira wake. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unampa mfanyakazi wa shamba haki ya kuelezwa hatari za kazi yake, na haki ya kuondoka penye hatari ya karibu bila kuadhibiwa, mradi amjulishe msimamizi mara moja.

Basi kabla ya kubeba bomba, uliza: dawa hii ni ipi, karatasi yake inasema nini, na glavu ziko wapi? Mtu mmoja akiuliza ataitwa mkaidi. Tukiuliza sote, tutajibiwa.