Vitamini D ya Daktari: Si Dawa ya Kugawana

Akina mama wa kikundi kimoja cha Kayole, Nairobi, wametuomba tueleze juu ya dawa ambayo watu huidharau kwa sababu ya jina lake. Ukisikia "vitamini" unafikiria kitu cha kuongeza nguvu tu, kama uji wa wimbi, kisichoweza kudhuru mtu. Na sisi tulifikiri hivyo mpaka haya yalipotokea.

Mama mmoja wa kikundi hicho alifanyiwa operesheni ya goita. Alipotoka hospitali alipewa tembe za thairoksini, tembe za kalsiamu, na kichupa cha vidonge vidogo vya vitamini D. Rafiki yake anayeishi Pipeline, kwenye gorofa ya sita, ana mtoto wa miaka miwili aliyekuwa ameanza matege. Mtu akasema matege hutibiwa kwa vitamini D, jambo ambalo ni kweli. Basi mama kwa huruma akamgawia nusu ya vidonge vyake. Mtoto akawa anatobolewa kimoja kila siku kwenye uji, halafu viwili, kwa vile miguu haikunyooka upesi.

Haikuchukua muda mtoto akaanza kutapika. Choo kikafunga, akawa analia maji usiku kucha. Damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa imezidi. Naye mama dawa yake iliisha kabla ya siku ya kliniki, akaamka usiku vidole vimekakamaa, midomo inamchoma kama ameumwa na siafu. Kwake kalsiamu ilikuwa imepungua. Wote wawili walilazwa, na tunamshukuru Mungu wote walirudi nyumbani.

Sasa, mbona dawa moja ilifanya hivyo?

Nyuma ya tezi la shingo, pale goita inapoota, kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu. Kalsiamu ni yale madini ya mifupa na meno, lakini misuli, mishipa ya fahamu na moyo pia huihitaji kila dakika. Wakati wa operesheni vitezi hivi vyaweza kuumia. Wengine hupona baada ya majuma machache, wengine hubaki na shida hiyo maisha yote.

Vitamini D ndiyo husaidia tumbo kunyonya kalsiamu kutoka kwa chakula. Ngozi huitengeneza kwa jua, ini huigeuza, halafu figo huimalizia, na figo hufanya hivyo zikiamriwa na vile vitezi. Vitezi vikinyamaza, figo hazimalizii kazi. Ndiyo sababu mama huyu hata akikaa juani siku nzima haitoshi. Daktari humwandikia vitamini D iliyokwisha kumaliziwa, kama alfakalsidoli au kalsitrioli. Hiyo huanza kazi upesi sana, na ni kali. Wagonjwa wengine wa figo pia hupewa hiyo.

Mtoto wa Pipeline vitezi vyake ni vizima. Shida yake ni jua. Wanaojua zile ploti wanajua korido zinawashwa taa saa sita mchana, na mtoto hushinda chumbani mama akiwa kazini. Mtoto kama huyo apelekwe kliniki apewe vitamini D ya kawaida kwa kipimo chake, ale vyakula vyenye kalsiamu kama maziwa na omena, na atolewe nje acheze mikono na miguu ikiwa wazi. Matege hayanyooki kwa wiki mbili, tuwe na subira. Na degedege kwa mtoto mwenye matege yaweza kuwa ni kalsiamu imeshuka. Msianze kutafuta aliyemroga, mkimbizeni hospitali.

Angalieni pia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ile ya kawaida huhesabiwa kwa yuniti. Mtoto mchanga akipewa ya kumkinga hupata yuniti 400 kwa siku. Lakini kuna kidonge cha yuniti 50,000, ambacho mara nyingi humezwa mara moja kwa wiki, na wako watu wanaokimeza kila siku kwa kutosoma karatasi! Ile iliyomaliziwa huhesabiwa kwa mikrogramu: 0.25, 0.5 au 1. Ukikosea nukta umekosea dawa. Na ile ya kawaida ikizidi hujificha kwenye mafuta ya mwili, hata ukiiacha leo yaweza kukusumbua kwa miezi.

Tunasema haya kwa ninyi mlio mashambani pia, kwa sababu wengi mnatumiwa dawa na watoto wenu kwa basi kutoka Machakos Country Bus. Dawa ikifika bila karatasi ya daktari yenye jina lako, usiimeze.

Aliyeandikiwa dawa hii amweleze daktari kila kitu anachotumia. Dawa fulani za presha, zile za kukojoza, huongeza kalsiamu. Za kifafa kama fenobabitoni hupunguza nguvu ya vitamini D. Mwenye dawa ya moyo ya digoksini yuko hatarini zaidi kalsiamu ikizidi. Tembe za kalsiamu zisimezwe pamoja na thairoksini, ziachane kwa saa nne. Tembe za kiungulia na mafuta ya samaki, uliza kwanza. (Na odowa, akina mama, si dawa ya kalsiamu.) Ukisahau kumeza leo, usimeze mara mbili kesho.

Kiu isiyokwisha, kukojoa kila mara, kichefuchefu, kufunga choo, uchovu, kuchanganyikiwa: hizo ni dalili kwamba imezidi, nayo huharibu figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na chupa yako mkononi, uulize kabla ya kumeza tena. Ganzi mdomoni na vidoleni, kukakamaa, kifafa: imepungua, na hiyo ni ya kukimbia usiku huo huo.

Shida kubwa ni pesa za maabara. Mgonjwa akijisikia vizuri huona kupima damu ni hasara, kumbe daktari hawezi kujua aongeze au apunguze dawa bila kipimo hicho. Mnapofanya harambee ya operesheni, msihesabu kitanda na daktari tu, hesabuni na vipimo vya miezi ijayo. Kikundi cha Kayole kimeanza kutenga kidogo kutoka kwa meri-go-raundi yao kwa kazi hiyo, na tarehe za kliniki za yule mama zimeandikwa kwenye daftari la mweka hazina, ukurasa mmoja na mikopo.