Volti 24 na Bisibisi Moja

Lori kuukuu likigoma kuwaka, fundi mzoefu hahangaiki na ufunguo. Huingia chini, huitafuta stata ubavuni mwa injini, kisha kwa bisibisi ndefu huigusisha nguzo nene ya betri na ile nguzo ndogo ya solenoidi. Cheche hupasuka, injini huzunguka, kazi imekwisha. Huko Bariadi, Maswa na Lamadi, mkoani Simiyu, ambako lori la pamba linaweza kulala tangu msimu mmoja hadi mwingine, betri ikijimaliza yenyewe na kutu ikila swichi, mbinu hii inajulikana hata kwa utingo.

Ni mbinu ya akili. Pia ndiyo inayoweza kuua, wala haiui kwa umeme.

Volti 24 za lori, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, haziwezi kusukuma umeme wa kutosha kupenya ngozi kavu. Ndiyo maana fundi hushika vichwa vya betri kwa mikono mitupu bila wasiwasi. Hatari ya umeme huu ni kuunguza, nayo iko kwenye ampia. Pasi ya nyumbani ya wati 1,000, kwenye volti 230, hutumia ampia 4 na ushee. Stata ya kilowati 4 kwenye volti 24 inadai karibu ampia 170 kwa hesabu tupu, na inapoanza kuzunguka huruka mara kadhaa zaidi ya hapo. Sababu ni kwamba mota inayozunguka huzalisha volti yake ya kupinga ile ya betri. Mota iliyosimama haina upinzani huo, imebaki na shaba yake tu. Umeme wa namna hiyo ukipita kwenye spana, spana huwa nyekundu. Ukipita kwenye pete ya ndoa, pete huunguza kidole kabla mwenyewe hajawahi kuuondoa mkono. Pete, saa na bangili zivuliwe kabla ya boneti kufunguliwa, na hapa hakuna fundi aliyebobea kiasi cha kusamehewa.

Lori la Kimarekani la GMC CCKW, lililobeba majeshi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lilitumia volti 6 tu. Anayesikia hivyo anaweza kucheka, lakini nguvu ni volti mara ampia: ukigawa volti kwa nne, ampia huongezeka mara nne kwa kazi ileile. Linalonivutia zaidi katika lori lile ni swichi ya stata, ambayo ilikuwa pedali sakafuni. Ili kuliwasha, ilibidi dereva awe ndani ya kebini, klachi na breki zikiwa mbele yake. Anayezungusha injini na anayeweza kulizuia lori walikuwa mtu mmoja. Bisibisi imewatenganisha hao wawili, na mmoja imemlaza chini karibu na tairi.

  

Turudi chini ya lori. Injini ya petroli bila umeme wa plagi itazunguka na kusimama. Dizeli ya zamani haina adabu hiyo. Pampu yake ya nozeli huendeshwa na injini yenyewe, haiulizi ufunguo uko wapi. Kama waya wa kuzimia haujavutwa, mizunguko michache inatosha injini kuwaka. Na kama gia namba moja imeingia, stata peke yake ina nguvu ya kulisogeza lori hata kabla injini haijashika. Breki za upepo nazo, kwenye malori ya zamani yasiyo na springi za kushikilia, huwa zimekufa: upepo ulishavuja zamani, na hautajaa mpaka injini iwake.

Kwa hiyo mtu akae kebini, autikise mkono wa gia kuhakikisha ni nyutro, na magogo yawekwe mbele na nyuma ya tairi. Kisha bisibisi irudishwe mfukoni. Swichi ya kubonyeza yenye waya mrefu, ikifungwa kwenye nguzo ile ndogo ya solenoidi, inafanya kazi ileile huku fundi amesimama pembeni. Ni ya bei ndogo, na sielewi kwa nini haipo katika kila sanduku la vifaa.

Stata ikilazimika kufunguliwa, waya wa betri unaokwenda kwenye chasisi ndio utangulie kutolewa na uwe wa mwisho kurudishwa; spana ikigusa bodi, hakuna kitakachotokea. Kwa kawaida huo ni hasi, ila baadhi ya magari ya zamani ya Kiingereza yamefunga chanya kwenye bodi, hivyo waya ufuatwe kwa macho. Stata yenyewe ni nzito, iegemezwe kabla ya bolti ya mwisho kulegezwa, maana zilizo chini yake ni mbavu za fundi.

Simiyu ina tatizo lake la ziada: pamba. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na nyuzi za pamba zilizonasa kwenye bodi hushika moto upesi. Betri ichajiwe mbali na ghala. Lori likiazimwa umeme, klempu ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini kilicho mbali na betri, kwa kuwa cheche hutoka pale waya wa mwisho unapogusa.