Nani Anakatwa Kwenye Bango?

Kila serikali mpya ya wanafunzi ikishaapishwa, kazi ya kwanza inayoletwa kwangu ni ileile: badilisha picha ya juu kwenye tovuti. Picha yenyewe huja kwa WhatsApp, usiku, na ujumbe mfupi: "Weka hii, wote tuonekane." Naifungua. Watu arobaini na kitu wamepangwa kwenye ngazi, safu tano, waliosimama nyuma na waliochuchumaa mbele. Jamani! Bango la tovuti ni utepe, na hiyo picha ni sanduku.

Tuanze na hesabu, maana ubishi mwingi unaishia hapo. Simu nyingi hupiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3, tuseme upana wa pikseli 4000 na kimo cha 3000. Bango letu lina upana wa 1920 na kimo cha 600, yaani upana ni mara 3.2 ya kimo. Ukitaka kubaki na upana wote wa 4000, gawa kwa 3.2, unapata kimo cha 1250. Zile pikseli 1750 zilizobaki zinakwenda na maji. Zaidi ya nusu ya picha! Hata ukinunua programu ya bei mbaya, hesabu ni hiyohiyo.

Wengine hapo hutafuta njia ya mkato: wanaibana picha nzima iingie kwenye 1920 kwa 600. Inaingia kweli. Ila upana umeshuka hadi asilimia 48 na kimo hadi asilimia 20, kwa hiyo kila uso umekuwa mpana mara 2.4 kuliko inavyotakiwa. Rais wa wanafunzi anageuka chapati. Watu wanacheka siku mbili, ya tatu wanazoea, na huko kuzoea ndiko kunakoniudhi. Mtu kachaguliwa kwa kura, halafu anakaa mwaka mzima kwenye tovuti na sura isiyo yake.

Utaratibu ni kukata kwanza, kupunguza baadaye. Mimi natumia GIMP, ambayo ni ya bure. Chukua zana ya kukata (bonyeza Shift na C), weka alama kwenye chaguo la kushikilia uwiano, andika 1920:600. Sasa kisanduku unachokivuta hakiwezi kutoka kwenye umbo la bango. Kazi yako ni kukisogeza juu na chini tu. Ukisharidhika, kata, ndipo uende kubadili vipimo: andika upana 1920, na hakikisha alama ya mnyororo kati ya upana na kimo haijakatika. Mnyororo huo ndio kinga ya chapati.

Siasa inaanza pale ninapokisogeza kile kisanduku. Nyuma wamesimama mawaziri. Waliochuchumaa mbele ni wawakilishi wa mwaka wa kwanza, na mara nyingi wasichana, kwa hoja kwamba "ni wafupi". Kisanduku kikipanda, hao wa mbele hawapo tena kwenye serikali yao wenyewe. Kikishuka, vichwa vya nyuma vinakwenda na simu zinaanza kuita. Msimamo wangu ni kwamba sikati mtu kwa kuangalia cheo. Picha ya safu mbili huwa inaokoka, kwa sababu viatu vinaweza kuondoka bila mtu yeyote kudhulumiwa. Nyuso zote zikiingia ndani ya ule ukanda wa pikseli 1250, tumemaliza. Kata kwenye kifua au katikati ya paja, usikate shingoni wala kwenye magoti, mtu asije akaonekana kama kapata ajali.

Ile ya safu tano naikataa kabisa. Badala yake naomba picha tatu za makundi madogo, naziweka kando kwa kando, kila moja 640 kwa 600. Hapo umbo ni karibu mraba, watu kumi wanakaa bila kubanana. Ila zipandishe kama picha tatu tofauti, usizigundishe kuwa moja, ili kwenye simu zipangane juu kwa chini.

Na nani kasema bango lazima liwe na watu? Ukumbi wa Nkrumah pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwahi kukaa nyuma ya noti ya shilingi 500, na noti nayo ni utepe wa aina yake. Jengo pana linakubali. Hosteli ya ghorofa haikubali. Utabaki na madirisha na nguo zilizoanikwa.

Kwa wapiga picha: laza simu, rudi nyuma hatua kadhaa, acha nafasi juu na pembeni. Tovuti nyingine zikifunguliwa kwenye simu hukata bango pembeni, kwa hiyo cha muhimu kikae katikati. Nyingine hupunguza bango zima, na hapo herufi ulizoandika ndani ya picha zinaumia: za pikseli 40 kwenye upana wa 1920 zinabaki 7.5 kwenye upana wa 360. Kauli mbiu iandikwe kwenye ukurasa wenyewe.

Halafu nitumieni picha kama faili, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana njiani inabanwa. Ikinifikia na upana wa 1280, nikikata nabaki na 1280 kwa 400, na kuivuta hadi 1920 ni kuiambia programu ibuni pikseli ambazo hazikuwepo. Ukungu mtupu. Mwisho nahifadhi kwa JPEG, ubora wa 80 hivi. Faili ya megabaiti nne kwa kawaida inashuka chini ya nusu megabaiti, na anayefungua tovuti kutafuta ratiba ya uchaguzi hamalizi bando kwa ajili ya suti zetu.

Kuna kisehemu cha maelezo ya picha ambacho wengi hukiacha kitupu. Kijazeni. Wapo wenzetu wasioona wanaotumia programu ya kuwasomea skrini, na kwao bango ni yale maneno tu: nani yupo, wako wapi, wanafanya nini.