Miluzi mingi humpoteza mbwa: Jinsi ya kumfundisha mbwa mdogo aje ukimwita

Umeleta mbwa mdogo nyumbani Manzese? Basi cha kwanza kumfundisha si kukaa wala kutoa mkono. Ni kuja anapoitwa.

Sababu iko wazi. Geti likiachwa wazi kidogo tu, anaweza kufika Barabara ya Morogoro, katikati ya bodaboda, daladala na mwendokasi. Akibaki mtaani, watu watamrushia mawe kwa kuogopa kichaa cha mbwa. Na jirani anayekwenda msikitini na udhu wake hataki kulambwa na mbwa wako. Neno moja likimrudisha, wote mmepona.

Kwa nini haji?

Wengi husema mbwa wao ni mkaidi. Mara nyingi sivyo. Angalia nyumba zetu za kupanga: baba anapiga mluzi, mama anaita "Simba", watoto wanasema "kam, kam", mpangaji wa chumba cha uani anagonga sahani. Wahenga walishasema, miluzi mingi humpoteza mbwa. Kwake hizo ni kelele nne, na hakuna hata moja anayojua maana yake.

Sababu ya pili: akija anakutana na mabaya. Anaitwa ili afungwe, aogeshwe au achapwe. Ukimwita jioni ukamchapa kwa kiatu alichotafuna asubuhi, hawezi kuunganisha fimbo na kiatu. Anaunganisha fimbo na kuja kwako. Kesho ukiita, anakaa mbali.

Somo kutoka Morogoro

Siri ya kazi hii iko karibu tu. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akipatia, anasikia mlio mfupi, kisha anapewa chakula. Hana haja ya kupigwa. Panya mmoja aliyefunzwa Tanzania, Magawa, alikwenda kufanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kama panya anajifunza hivyo, mbwa wako atashindwaje?

Hatua kwa hatua

1. Chagueni neno moja. Jina lake na "njoo" linatosha: "Simba, njoo!" Nyumba nzima, pamoja na watoto na wapangaji, mtumie hilo hilo.

2. Andaa malipo. Dagaa waliokatwa vipande au firigisi iliyochemshwa bila chumvi. Kipande kiwe kidogo kama punje ya hindi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inaweza kumkwama au kumchoma ndani.

3. Anza ndani, hatua mbili tu kutoka kwake. Ita mara moja, chuchumaa, sauti iwe ya furaha. Akifika, mpe hapo hapo na umsifie. Dakika tatu hadi tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajala. Wiki ya nane ya umri anaweza kuanza.

4. Hamia uani. Akizoea, ongeza umbali na vurugu kidogo kidogo: watoto wakicheza, kuku wakipita. Mfunge kamba ndefu ya mita tano hivi. Asipokuja, usirudie kuita mara kumi. Msogelee, mwonyeshe chakula, mfanye afike.

5. Mshike shingoni kwa upole kabla ya kumpa. Bila hivyo atajifunza kunyakua dagaa na kukimbia.

6. Mara nyingi mwite, mpe, kisha mwachie aendelee kucheza. Asije akadhani "njoo" maana yake raha imekwisha.

Akitoroka, usimkimbize

Ukimkimbiza, kwake huo ni mchezo, na ana miguu minne. Geuka, kimbia upande wa pili huku ukimwita, au chuchumaa. Wengi hufuata. Akifika hata baada ya nusu saa, meza hasira yako, msifie. Hapo ndipo wengi huharibu kazi ya mwezi mzima.

Hakuna mbwa anayetii kila mara. Kwa hiyo karibu na barabara kamba ibaki mkononi, hata kama nyumbani ni hodari. Na akifikisha miezi mitatu, mpeleke kwa mganga wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, kisha chanjo irudiwe kila mwaka.

Leo jioni, kabla hujamwekea chakula chake, kaeni kikao kidogo pale nyumbani: neno letu ni lipi? Mkishakubaliana, nusu ya kazi imekwisha.