Jina "Agapiti" katika Bonde la Kilombero: Asili, Umbo na Maana

Agapiti ni jina la kiume la ubatizo linalofahamika miongoni mwa Wakatoliki wa Ifakara na Mahenge. Ndilo jina la Askofu Agapiti Ndorobo, aliyeteuliwa kuliongoza Jimbo la Mahenge mwaka 1995, Ifakara ikiwa bado sehemu yake. Jimbo la Ifakara liliundwa mwaka 2012. Makala haya yanaeleza asili ya jina hilo na kujibu swali moja: irabu -i ya mwisho imetoka wapi?

Chanzo ni kivumishi cha Kiyunani agapētós, yaani 'mpendwa', kilichoingia Kilatini kama Agapitus. Badiliko la ē kuwa i linaakisi matamshi ya Kiyunani cha baadaye. Mtakatifu Agapitus wa Praeneste (leo Palestrina, Italia) hukumbukwa tarehe 18 Agosti.

Kalenda za Kilatini huandika majina ya watakatifu katika uhusika milikishi: S. Agapiti. Yawezekana kudhani kwamba umbo letu limechukuliwa humo moja kwa moja. Hata hivyo, dhana hiyo hailielezi jina Klementi, ambalo uhusika wake milikishi ni Clementis, tungetarajia *Klementisi. Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya kifonolojia. Tamati -us hudondoshwa, shina likaishia na t. Nacho Kiswahili, kinachopendelea silabi wazi, huongeza i baada ya konsonanti za ufizi: Alberti, Martini, sawa na koti na blanketi. Baada ya konsonanti za midomo huongezwa u: Yosefu, Adamu, kilabu. Paulo, ambamo -us imekuwa -o, limefuata njia nyingine ya utohozi.

Kimaana, mpendwa (m-pend-w-a) linalingana na agapētós, kwani -w- na -tós zote hubeba dhana ya kutendwa. Lakini maana hiyo haionekani katika umbo la Kiswahili: Agapiti humtaja mtakatifu, ilhali Mpendwa hujieleza lenyewe.

Uchambuzi huu una umuhimu nje ya darasa pia. Mtu aliyeandikwa Agapitus katika cheti cha ubatizo na Agapiti katika cheti cha shule anaweza kutakiwa kuthibitisha kwamba ni yule yule. Kiisimu, hayo si majina mawili. Ni hatua mbili za utohozi wa jina moja.